Watoto wa Mkondo B

Lamaro mwanangu,

Umetoka hapa saa tisa kwenda kusukwa Kalerwe, na msusi wako yule namjua, mdomo wake unakimbia kuliko vidole. Hutarudi kabla ya saa mbili. Nimefunga mlango, nimewaambia watoto wa jirani wasinigongee, nimekaa mezani na karatasi nilizochana kwenye daftari lako jipya la maandalio. Usinikunjie uso, zimebaki nyingi.

Habari za chandarua, sufuria na dawa ya malaria tumeshazimaliza. Tiketi ya basi la Kitgum unayo, na watu wa marehemu baba yako watakupokea. Sina wasiwasi na mwili wako. Nina neno jingine, nimekaa nalo miaka kumi na miwili, na kulisema kwa mdomo kumenishinda. Nimejaribu. Jumanne nilikuita jikoni kwa ajili hiyo hiyo, nikaishia kukuuliza kama umepiga pasi sketi.

Jumapili ulipokuwa unakunja nguo ulisema, "Mama, huko shuleni wanipe tu nifundishe darasa la watoto wazito. Nawajua wale, ni wenzangu." Ukacheka. Na mimi nikacheka. Mungu ananiona, Lamaro, nilicheka na wewe! Halafu nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, mpaka uliponiita kula.

Wewe si mzito. Hukuwahi kuwa mzito hata siku moja. Mimi ndiye niliyekufanya uamini hivyo, na nilijua ninachokifanya. Acha nianzie mwanzo, usije ukadhani nakupamba kwa sababu unaondoka.

Shule yetu ya Bwaise unaikumbuka, ila unaikumbuka kwa macho ya mtoto. Mimi nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Serikali ilipotangaza elimu ya bure tulishangilia, tukapika hata pilau. Jumatatu yake watoto wakaingia kama maji ya mfereji siku ya mvua. Darasa moja watoto mia na zaidi, madawati kumi na manane, wengine wamekaa sakafuni, wengine dirishani na miguu nje. Mvua ikinyesha tunawapandisha juu ya madawati, na vyoo vinafurika, na kipindi kimekwisha hapo. Mwalimu wa hesabu, Mwalimu Wasswa, alifundisha asubuhi, mchana akawa kwenye boda boda. Sikuweza kumlaumu. Mshahara wake ulikuwa unakuja ukitaka.

Matokeo ya darasa la saba yakawa aibu. Miaka mitatu mfululizo hatukutoa mtoto hata mmoja wa Divisheni ya Kwanza. Wazazi wenye uwezo wakahamisha watoto wao. Siku moja afisa wa elimu akaja, akakalia kiti cha mwalimu mkuu, sisi wenyewe tumesimama mbele yake kama watoto walioiba chaki. Akasema, "Nyinyi akina mama, mwaka huu nataka kuona kitu." Hakusema kitu gani. Wala hakuuliza kuhusu madawati.

Nilitaka shule ile ipone. Amini hilo, ingawa halinisaidii kitu mbele yako.

Wazo lilikuwa langu. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama mpole anayehesabu miezi ya kustaafu, hakubuni chochote, alitia sahihi tu. Nilisema hivi: baada ya mtihani wa majaribio tuwapange watoto wote wa darasa la saba kwa alama, tuvute mstari chini ya jina la arobaini. Walio juu ya mstari ni Mkondo A. Hao wapewe walimu wetu bora, waje saa kumi na mbili asubuhi, wale chakula cha mchana shuleni. Walio chini ni Mkondo B, na hao tuwaandikishe wafanyie mtihani wa taifa katika kituo kingine. Kule juu Kawempe kulikuwa na shule ya mtu binafsi, mabati matupu, iliyokuwa inatafuta watahiniwa ili ipate namba yake ya kituo. Ingewapokea kwa mikono miwili. Na wakifeli, wamefeli kule. Kwenye karatasi zetu wasingeonekana.

Ukiisoma hivi inanuka. Siku ile haikunuka. Tuliizungumza juu ya chai na mihogo, tukaiita mpango wa kuinua kiwango, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimechangamka mpaka baba yako akaniuliza nimeokota nini.

Ilibaki wazazi wakubali. Tukaitisha mkutano, nami nikasimama kueleza kwamba watoto wa B watapata utulivu, watapata nafasi, kule si kubaya. Wazazi wa Bwaise si wajinga. Yule mama wa mwenzako Nansubuga, aliyekuwa anakaanga mihogo pale njiani, akainuka na mafuta bado yako kwenye kanga yake. Alijua sisi wa nyumba za polisi, kwa kazi ya baba yako, ni watu wa Kiswahili, basi akaniuliza kwa Kiswahili, chake kile cha sokoni:

"Nnyabo, mama mwalimu, kama huko B iko mzuri, mutoto yako iko wapi?"

Watu wote wakageuka kunitazama.

Nikasema, "Yuko huko huko. Yuko B."

Lamaro, sikuwa nimelipanga neno lile. Lilinitoka tu, kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa mbele ya watu na mama wa mihogo alikuwa amenibana. Orodha ilikuwa kwenye mkoba wangu, hakuna aliyekuwa ameiona ila mimi na mwalimu mkuu. Na kwenye orodha ile jina lako lilikuwa juu ya mstari. Tena si kwa kubahatisha, si pale karibu na arobaini. Juu.

Mama Nansubuga akanitazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kumbe. Basi andika na yangu." Baada yake wote wakaandika. Waliponipita mlangoni mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia mwalimu kama mimi asiye na upendeleo hajapata kumwona Kampala.

Nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Nilirudi ofisini, nikakaa na orodha. Mwalimu mkuu aliniambia, "Mama Lamaro, wacha mchezo, mtoto wako ni Divisheni ya Kwanza huyu." Nikamwambia nikimrudisha A, kesho mama wa mihogo atakuja na wenzake hapa, na mpango wote utakufa. Nikachukua karatasi safi, nikanakili majina upya, na nikakushusha chini ya mstari, A wakabaki thelathini na tisa. Ile ya kwanza nikaikunja nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani.

Jioni ulikuwa unaosha vyombo. Ukaniuliza bila kugeuka, "Mama, nilipata ngapi?"

Nikasema, "Hukufika, mwanangu. Ongeza bidii."

Hukulia. Ungelia labda ningeshindwa kuendelea. Uliendelea kusugua sufuria ile ile ambayo ilikuwa imeshatakata, ukasema, "Sawa, Mama."

Sasa nikuambie ninachojua kuhusu Mkondo B, maana wewe ulikaa ndani yake ukadhani ni kichwa chako kibovu. B mlisomea chumba cha bondeni, kile kilichokuwa stoo ya mahindi. Mwalimu wenu alikuwa Wasswa, na Wasswa alikuja siku mbili, wiki nyingine moja. Nilijua, daftari la mahudhurio lilikuwa mezani kwangu. Mitihani ya miaka ya nyuma tuliyowafanyisha A kila Jumamosi, nyinyi hamkuionja. Na muhula wa tatu A walipokuwa wanarudia masomo mpaka jioni, jiko likakosa mtu wa kuchota maji, mwalimu mmoja akasema, si wapo wale wa B? Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga.

Nilikuona kutoka dirisha la ofisi. Ulikuwa na jerikeni ya njano kichwani, Nansubuga mbele yako na yake, mnapeleka maji ya kupikia posho, ugali wa watoto ambao wengi wao ulikuwa unawashinda. Ulipofika usawa wa dirisha langu uligeuza uso upande wa pili. Nilidhani unaona haya. Siku hizi nadhani ulikuwa unanistahi, hukutaka niaibike kwa ajili yako. Sijui ni lipi baya zaidi.

Matokeo yalipotoka, A walileta Divisheni za Kwanza tisa. Tisa, Bwaise! Wazazi wakaja na ngoma, wakanibeba juu juu, kiatu kimoja kikadondokea mferejini na sikukiona tena. Mwaka ule ule mwalimu mkuu akastaafu nikapewa kiti chake. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekaa kwenye ngazi na karatasi yako ya Divisheni ya Nne. Ulinipongeza. Ulisimama kabisa, ukanipongeza kwa mikono miwili.

Baba yako aliitazama karatasi ile muda mrefu. Alikuwa askari, hakujua kusema kwa mzunguko. Akaniambia faragha, "Mtoto ni mzito, tusimtese. Tumtafutie mahali pa kujifunza cherehani." Hapo ndipo ningesema. Kama kulikuwa na siku moja katika maisha yangu ya kufungua mdomo, ilikuwa ile. Nikamwambia tumjaribu sekondari ya bei nafuu, labda atachangamka. Ukaenda, ukarudia mwaka, ukahangaika na nafasi za mwisho mwisho mpaka chuo cha ualimu, na kila ulipofaulu ulisema ni bahati. Baba yako alikupenda, unajua alivyokupenda. Lakini amekwenda kaburini akiamini ana binti mzito, na hilo siwezi kulirekebisha kwa barua.

Nansubuga hakufaulu kabisa. Mama yake alikuja ofisini mara moja, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ya kwako?" Nikamwambia Divisheni ya Nne. Akanipa pole! Alinipa pole, tukaagana kama wafiwa wawili.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta Nansubuga Kansanga. Nilikwenda huko kwa mazishi ya mwalimu mwenzangu, nikapita kando ya baa moja, msichana akatoka na beseni la glasi chafu na mtoto mgongoni. Aliponitambua aliweka beseni chini, akapiga magoti palepale kwenye vumbi la barabarani, kwa adabu yao Waganda, akanisalimu: "Mwalimu." Watu wanapita, boda boda zinapiga honi, na yeye yuko magotini mbele yangu mimi. Nilimwambia inuka, inuka, mwanangu. Akaniuliza habari zako. Nikasema unasomea ualimu. Akafurahi, alifurahi kweli, meno yote nje. Akasema, "Basi mumoja wetu amepita. Mwambie Nansubuga anamusalimia." Salamu zile sikukufikishia. Ningekufikishia vipi, ungeniuliza alikuwa anafanya nini Kansanga. Pokea leo.

Utauliza, na ulipokuwa mkuu wewe mwenyewe ulifanya nini? Mwaka wa kwanza sikufanya kitu. Kiti kilikuwa kitamu, ndiyo ukweli wenyewe. Mwaka wa pili niliingia chumba cha bondeni bila kubisha hodi, nikawakuta watoto sitini bila mwalimu, nikamwambia mvulana mmoja mkubwa anisomee swali la kwanza ubaoni. Hakuweza. Si kulijibu, Lamaro, kulisoma. Yuko darasa la saba. Nikamwita wa pili, nikamwita wa tatu. Nikaondoka mle nikaketi ofisini, na hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakiita kuinua kiwango. Shule ilionekana imepona kwa sababu wagonjwa tulikuwa tumewafungia stoo.

Basi nikafuta Mkondo B. Watoto wote wakae pamoja, wote wafanye mtihani kwa namba yetu. Mwalimu wangu hodari kuliko wote nikamtoa darasa la saba nikampeleka darasa la kwanza, kwenye watoto mia na ishirini, na alilia, alidhani namwadhibu. Nikamwambia ni huku tunakowapotezea. Wasswa nikamwita nikamuuliza anahitaji nini ili aje kila siku. Akasema hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kumuuliza. Tukampangia vipindi vyote asubuhi, mchana awe huru na boda boda yake, na hakukosa tena ila siku alipofiwa.

Usingoje nikuambie shule ikang'aa. Divisheni za Kwanza zilishuka zikawa mbili. Watoto ambao wangekuwa B, kumi na mmoja walipata alama za kwenda sekondari, nilikuwa na majina yao yote kichwani, lakini hakuna aliyekuja na ngoma kwa ajili ya Divisheni za Tatu. Wazazi wa watoto hodari walisema nimewaharibia. Afisa akaniambia, "Nnyabo, tulikupa shule nzuri, umeiua." Wale wa darasa la kwanza walihitaji miaka saba kufika la saba. Mimi nilipewa miwili. Nikahamishiwa shule ile ya karibu na Luzira, kama naibu tena, na aliyekuja nyuma yangu akarudisha Mkondo B muhula wa kwanza tu. Mpaka leo upo. Nilipita pale mwezi uliopita nikawaona na jerikeni zao.

Huwa unawaambia watu kwamba umekuwa mwalimu kwa sababu mama yako aliinua shule ya Bwaise. Ulisema hivyo hata kwenye kanisa siku walipokuombea. Nilikaa benchi la pili nikitazama viatu vyangu.

Sikuandikii masharti ya kazi, nani mimi wa kukupa masharti. Nakuambia tu nilichokiona. Mtu aliyewafanyia watoto wale ubaya alikuwa na nia njema na alikuwa amekunywa chai. Huko unakokwenda watakuletea orodha ya majina na rula, na watakuwa watu wazuri, wamechoka, wanaogopa afisa wao kama nilivyomwogopa wangu. Na wewe utakuwa umechoka vilevile. Mimi nilipofika hapo nilijiangalia mimi, nilivyoonekana kwa wazazi, na sikumwangalia aliyeshika sufuria.

Nilitaka nikufichie barua hii kwenye begi uisome ukiwa umeshavuka mto Nile, mbali, usiweze kunifikia. Nimeona huo ungekuwa woga wangu ule ule wa zamani. Kwa hiyo nitaiweka hapa mezani, chini ya sahani niliyofunikia chakula chako, na mimi nitakuwa nimekaa nje kwenye kibaraza. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie, majirani wasikie, ni haki yao pia, wengine wao watoto wao walikuwa B. Ukitaka kunipita bila neno, nipite. Asubuhi nitakubebea begi mpaka kituoni kama utaniruhusu. Usiporuhusu nitabaki hapa, wala sitatuma mtu.

Siombi unisamehe leo. Usinijibu "Sawa, Mama." Hilo tu ndilo ninalokuomba, usinijibu hivyo tena.

Ile karatasi ya kwanza, ya mwandiko wangu, imo ndani ya bahasha. Nimeitia kwa sababu ungedhani nakufariji, na mimi si mtu wa kuaminiwa kwa neno tupu juu ya jambo hili. Angalia mstari wa rula. Kisha panda na majina kwenda juu. Nansubuga utamkuta wa arobaini na moja. Chini ya mstari ule kuna majina sabini, na watu wale sina cha kuwapelekea.

Uliniuliza ulipata ngapi. Nimechelewa kukujibu.

Ulikuwa wa nne.

Mama yako